Mkalimani Aliyetazama Mlango

Kabla ya kuketi mahali popote, alitazama mlango. Hakuanza na watu, wala hakuanza na salamu. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, macho yakatembea ukutani mpaka yakapata njia ya kutokea, ndipo akasema hamjambo. Chumba kikiwa na mlango mmoja, alikaa karibu nao. Mlango ukiwa nyuma ya watu wengi, alitafuta sababu ya kubaki nje. Waliomjua juujuu walisema huyu ni mtu mwenye maadui, na katika Eldoret ya miaka ile hilo halikumshangaza yeyote.

Tulimwita Mkalimani. Nilifanya kazi naye kwa miaka mingi katika kituo kimoja cha afya nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Kaptagat. Mimi niligawa dawa dirishani. Yeye alisimama kati ya daktari na mgonjwa. Daktari wetu alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi. Alihitaji mtu wa kumfikishia Kinandi cha wenyeji na Kikuyu cha wale waliokuja kutoka Mkoa wa Kati kutafuta mashamba. Sitaeleza Mkalimani alizaliwa wapi, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kueleza. Wanandi walisema mama yake lazima ni wao. Wakikuyu walisema lafudhi kama ile mtu haiokoti sokoni. Kila upande ulimdai siku za manufaa, na siku za matatizo ukawaachia wenzao.

Nami nilijifunza lugha hizo mbili, moja nyumbani na nyingine kazini, kwa kusikiliza dirishani na kuuliza maana. Ndiyo maana naweza kuandika juu yake. Wengi waliomsikia walisikia upande mmoja tu.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito isiyopanda. Alivaa kabuti jeusi mchana kutwa, hata Januari, wakati jua la huku juu linachoma shingo. Chai ya watu alikuwa haimalizi. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akagusisha mdomo, akakiweka chini ya kiti. Katika nyumba za Wanandi alipewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye majivu, naye akafanya vile vile. Watu waliona. Mwenye nyumba akitazama kikombe kilichojaa hujiuliza maswali, na miaka ile maswali yalikuwa mabaya. Wengine walisema anaogopa kulishwa sumu. Wengine wakasema anayeogopa sumu anajua alichokifanya.

Lakini huyo huyo niliwahi kumwona akisimama kati ya wanaume wawili walioshika rungu, akitafsiri matusi ya mmoja kwa mwingine neno kwa neno, bila kuyapunguza na bila sauti kutetemeka. Walipomaliza kutukanana walikuwa wamechoka, wakaketi. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema, "Mimi si shahidi, Bwana Dawa. Mimi ni mlango tu. Maneno yanapita." Alisema hivyo mara nyingi, kwa watu wengi, na nadhani aliamini.

Jumamosi alifanya kazi nyingine. Walowezi walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na watu wetu, ambao mmoja mmoja hawakuweza kununua hata kona ya shamba, walijiunga katika makampuni ya kununua ardhi. Shamba likishanunuliwa, liligawanywa kwa kura: namba za vipande zilitiwa ndani ya kofia, kila mtu akachomoa yake. Katika kampuni niliyojiunga nayo, wanachama walikuwa wa lugha zote mbili, na hakuna upande uliouamini mwingine. Desturi ikawa kwamba hakuna jambo linalopita bila Mkalimani kusimama mbele, kando ya msemaji, na kulisema mara mbili. Asipokuwepo, mkutano haukuhesabiwa kuwa mkutano.

Walimpenda kwa sababu aliuliza. Msemaji akisema shamba liko karibu na mto, Mkalimani alimgeukia: mto upi, ng'ambo ipi? Akisema karatasi zipo: ziko kwa nani, na hawa watu wataziona lini? Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu aliyepewa gunia na kutaka kujua limefungwa vizuri kabla hajalibeba. Viongozi waliudhika, lakini wanachama walikaa wakingoja swali lake kuliko hotuba.

Shida ilikuwa kwamba alitoka.

Katikati ya sentensi, uso wake ungebadilika, angevuta kabuti, na bila kuomba ruhusa angeelekea mlangoni kwa hatua za haraka. Alirudi baadaye kidogo na kuendelea pale pale alipoachia. Hakueleza kitu. Wakati wote huo watu wa lugha mbili walibaki wakitazamana, hakuna wa kuwaunganisha.

Siku moja, katika darasa la shule tulilokuwa tumeazima, wakala mmoja alikuwa akituapia kwamba hisa za shamba fulani hazijauzwa kwa mtu mwingine yeyote. Mkalimani akatoka. Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba zile hisa ziliuzwa mara mbili. Ilitosha. Tangu siku hiyo watu walisema Mkalimani akisikia uongo mwili wake unaukataa. Hakai nao chumba kimoja.

Walianza kutazama miguu yake badala ya uso wa msemaji. Kulikuwa na fundi wa baiskeli, mtu wa utani, aliyependa kukaa safu ya mbele. Mkalimani akisogea kidogo tu, fundi alipaza sauti: "Msemaji, rudi kwa ukweli! Mzee anavaa kofia!" Watu walicheka. Lakini niliwatazama viongozi, nao hawakucheka, na Mkalimani mwenyewe alikuwa na jasho juu ya mdomo katika baridi ya Julai.

Mwenyekiti wa kampuni yetu hakuupenda utani huo. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, mwenye koti la kijivu na mkono laini. Miezi michache kabla ya siku ya kura alikuja kituoni. Hakuwa mgonjwa. Aliegemea dirisha langu, akamwita Mkalimani, na kuzungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni chupa mojawapo kwenye rafu.

"Wewe Mzee, nani anakutuma utoke kwa mikutano yangu?"

"Hakuna mtu ananituma."

"Basi ni nini?"

Mkalimani akafunga kifungo cha kabuti.

"Sikiza. Siku ya kura kutakuwa na watu kutoka hapa mpaka Moi's Bridge. Wengine watakuja na rungu chini ya koti, unajua. Ukitoka hiyo siku, watasema kura imeibiwa. Watapigana. Na mimi nitawaambia ni nani amenunuliwa." Akamgusa bega kwa ule mkono wake laini. "Shamba lako pia liko ndani ya hiyo kofia. Usisahau."

Alipoondoka, Mkalimani alibaki ameshika fremu ya dirisha. Nilidhani anafikiria jibu. Kisha akaachia ghafla na kwenda nyuma, kule vyoo vilikokuwa, na alipopita niliona anakaribia kukimbia. Hapo nikaelewa. Nilishangaa kwamba nilikuwa sijaelewa siku zote hizo. Watu tunaofanya kazi mahali pa wagonjwa tunadhani ugonjwa unaingia kwa mlango wa mbele tu, ukiwa na kadi.

Juma lililofuata alikuja mama wa makamo kutoka msituni upande wa Kaptagat, amejifunga leso mbili kiunoni. Nilikuwa nimeingia chumbani kupeleka chupa. Mama alikaa pembeni mwa kiti na kusema kwa Kinandi, kwa sauti ya chini, maneno machache: mkojo unamwita ghafla, haumpi nafasi ya kufika, na siku hizi ameacha kwenda kanisani.

Mkalimani alinyamaza. Sikuwahi kumwona akinyamaza akiwa kazini.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema mkojo unamjia kwa nguvu, ghafla. Yuko sawa, halafu hayuko sawa. Anasema anajua kila choo na kila kichaka kati ya nyumbani na mjini. Akisikia maji yakimwagika mahali, au akifika tu kwake na kushika kufuli, ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Haendi mahali asipojua njia ya kutoka. Anataka kujua kama ni uzee, ama ni ugonjwa mbaya, ama kuna mtu amemfanyia kitu."

Mama alikuwa akimtazama mdomoni. Kiswahili hakukijua sana, lakini aliona maneno yake yamezaa.

Daktari aliuliza mambo yake kwa utaratibu. Je, mkojo unachoma? Una damu? Ana homa, au maumivu ya mgongo? Ana kiu isiyoisha? Amepungua mwili? Mama alikataa yote. Mkojo wake ukapimwa, haukuwa na sukari wala usaha. Kisha daktari akaeleza, naye Mkalimani akafuata, sentensi kwa sentensi, polepole kuliko kawaida yake.

"Kibofu ni mfuko wenye msuli. Huu wake unajikaza kabla haujajaa. Si uchawi, na si lazima iwe uzee. Asiache kunywa maji. Watu wengi wanaacha, mkojo unakuwa mkali, kibofu kinazidi kusumbua. Apunguze chai kali. Aende choo kwa saa, asiende kwa hofu. Aanze na muda anaouweza, akizoea aongeze robo saa, akizoea tena aongeze. Mkojo ukimshika kabla ya wakati, asikimbie. Kukimbia kunauchochea. Asimame au akae, akaze misuli ya chini, kaza, achia, kaza, achia, awaze jambo lingine mpaka wimbi lipite. Ndipo atembee. Ni kazi ya wiki nyingi."

"Mama anauliza," Mkalimani akasema, "kama ni mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya watu, afanyeje?"

Mama hakuwa amefungua mdomo.

"Mama anafanya kazi gani?"

"Analima."

"Anasimama mbele ya nani? Mahindi?"

"Anasema ni mfano tu, Daktari."

Daktari alimtazama kwa muda, kisha akageukia karatasi zake na kujibu kana kwamba swali lilikuwa la kweli. "Mwambie aende choo kabla ya kusimama. Na amwambie mtu mmoja aliye karibu naye, ili akihitaji kutoka atoke kwa amani. Hii si ya kujaribia nguvu, kushinda siku nzima amejibana. Anayejificha peke yake anakuwa na shida mbili, kibofu na hofu, na moja inaichokoza nyingine."

Mkalimani alimpa mama maneno hayo yote, bila kuacha hata moja. Mama akaitikia kwa kichwa, akainuka na vidonge vyake vya kutuliza msuli. Mlangoni alimshukuru Mkalimani kwa Kinandi: "Umenisemea vizuri kuliko nilivyojua."

Jioni daktari aliniita. "Mkalimani akija kuulizia dawa ya jamaa yake, mpe. Lakini kwanza huyo jamaa alete mkojo tupime sukari."

"Jamaa gani?"

"Atakuja."

Alikuja kesho yake na chupa iliyofungwa ndani ya gazeti. "Ya jamaa yangu," akasema. Wakati ule kipimo kilikuwa cha moto: tuliweka dawa ya buluu katika bomba la kioo, matone ya mkojo, tukapasha kwenye taa ya spiriti. Ikigeuka rangi ya machungwa au ya matofali, ni sukari. Mkalimani alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikiingia na haitoki.

"Imebaki buluu," nikasema. "Jamaa yako hana sukari. Na usaha hauko."

"Nitamwambia," akasema, akaketi kwenye sanduku la chupa tupu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiketi bila kutazama mlango.

Vidonge alivirudisha baada ya siku chache. "Jamaa anasema inafanya kazi. Lakini imemkausha mdomo, ulimi umekuwa kama ngozi ya kiatu. Na kazi yake ni ya mdomo."

"Kazi gani hiyo?"

"Mwalimu," akasema bila kupepesa macho.

Basi ikabaki ile njia ndefu. Niliiona kwa wiki nyingi bila yeye kuniambia. Alikuwa akisimama ghafla kwenye ukumbi, kiganja ukutani, midomo ikicheza. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walidhani anaomba, wakavua kofia. Mwanzoni alishindwa, akakimbia. Baadaye alishindwa akitembea, na hiyo ilikuwa hatua. Kisha nikaanza kumwona anasimama, anangoja, anarudi kazini. Kikombe cha chai kikawa nusu, lakini glasi ya maji akawa anaimaliza. Kwa jambo la mwili, alikuwa mgonjwa hodari kuliko wote niliowahi kuwahudumia.

Shauri moja tu hakulishika. Nilimwambia, siku moja tulipokuwa tukifunga dirisha, "Mzee, si umwambie mwenyekiti? Ama hata yule fundi wa baiskeli. Mtu mmoja tu."

Hakujifanya kutoelewa. Hakumtaja jamaa. Alisema, "Afadhali wanipige."

"Ni ugonjwa kama mwingine."

"Si kama mwingine. Mtu akiwa na homa anaweza kusimamia kikao. Mtu mzima anayejikojolea hana neno. Wakishajua, kila nitakachosema watanusa kwanza." Alifunga vifungo vya kabuti mpaka juu. "Nangoja hiyo siku ipite. Nikisimama mpaka mwisho, imeisha."

Siku ya kura tulikusanyika kwenye stoo ya mahindi ya mlowezi aliyekuwa ameondoka. Ukungu ulikuwa haujainuka. Wakikuyu walisimama upande wa magunia, Wanandi upande wa mlango mkubwa, na katikati kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikanyaga bila sababu. Sikuona rungu, lakini niliona makoti yaliyokaa vibaya. Wanawake walikuwa wamewaacha watoto nyumbani, na hiyo ilinitisha kuliko makoti.

Mkalimani alisimama kando ya mwenyekiti. Nilijua alikuwa amekwenda choo kabla, nilimwona akirudi. Lakini hotuba zilikuwa ndefu. Mkuu mmoja akafuatwa na mwingine, sala ya upande huu ikajibiwa na sala ya upande ule, na zote zilipaswa kusemwa mara mbili. Niliona wimbi la kwanza likimjia: mguu mmoja ukakazana, macho yakatulia mahali pamoja juu ya vichwa vyetu. Likapita. Likaja lingine. Fundi wa baiskeli alikuwa mbele, na safari hii hakufanya utani. Watu wote walikuwa wakitazama miguu ile.

Mwenyekiti akafika kwenye maji. Shamba lile lilikuwa na chemchemi moja isiyokauka, na kila mtu aliijua.

"Chemchemi ni ya wote," akasema. "Iko ndani ya ardhi ya jumuiya. Hakuna atakayeipata kwa kura." Ramani ilikuwa imekunjwa chini ya kwapa lake.

Mkalimani akasema kwa Kikuyu. Akasema kwa Kinandi. Kisha sote tukangoja. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kumgeukia msemaji na kusema: tuonyeshe kwa ramani. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa kabuti, ngumi.

Hakuuliza.

Mzee aliyekuwa karibu nami alinong'ona, "Hajauliza."

Jirani yake akamjibu, "Lakini hajatoka."

Nilisikia jambo hilo likienda safu kwa safu, kwa lugha zote mbili: hajatoka, hajatoka. Mabega yakashuka. Mtu akakohoa, mwingine akacheka kidogo, na ile nafasi ya katikati ikaanza kujaa watu. Kura zikapigwa. Kila mtu alichukua namba yake na kuweka dole gumba kwenye karatasi. Mpaka tunamaliza, ramani haikufunguliwa.

Namba ya mwisho iliposomwa, Mkalimani alitoka. Alitembea. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya paa. Watu walimshika mkono. "Leo umesimama, Mzee! Umesimama kabisa!" Aliponifikia aliinama na kusema sikioni mwangu, "Nimekishinda."

Hakuna mtu aliyepigwa siku hiyo. Ni lazima niandike hivyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amekuja akitarajia damu.

Waya ulizungushwa kwenye chemchemi kabla ya mvua za pili. Ramani ilipoonekana, chemchemi ilikuwa ndani ya shamba la mwenyekiti. Akina mama wakaanza kwenda mtoni, chini kabisa ya bonde, na kupanda na debe mgongoni. Watu hawakwenda kwanza kwa mwenyekiti. Walikwenda kwa Mkalimani. Shamba lake lilikuwa humo humo, na aliyepakana naye alikuwa bibi mmoja Mnandi, mjane, mwenye ulimi usio na pazia. Kila asubuhi alipopita na debe lake alisimama kwenye ua na kumwambia neno moja tu kwa Kinandi, "Ulisimama," kisha akaendelea.

Mimi nilihamishwa kituo, nikauza shamba langu, nikawa namsikia kwa mbali. Nilimwona tena miaka mingi baadaye, aliponiitia kesi ya maji. Afisa wa ardhi alikuwa amekuja kuisikiliza katika kambi ya chifu, na wanachama wa zamani tulitakiwa kufika. Mkalimani alikuwa amezeeka. Kabuti lilikuwa limekwisha, alivaa sweta. Tulitembea pamoja kando ya mahindi, na njiani alisimama mara moja, akangoja, akaendelea, kwa utulivu wa mtu anayefungua lango lake mwenyewe. Ugonjwa aliuweza. Lakini midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Naogopa kuliko siku ile," akasema.

"Mwenyekiti atasemaje?"

"Atasema Mkalimani ni mtu wa kuuliza. Kama hakuuliza, ni kwa sababu jambo lilikuwa wazi, na watu walijua chemchemi si yao. Ametafuta watu wa kuapa hivyo. Na wataapa, kwa sababu ni kweli sikuuliza." Akatembea kidogo. "Bwana Dawa, siku ile sikuyasikia yale maneno. Yalipita mdomoni. Mimi nilikuwa nasikiliza kibofu. Swali moja lingeleta jibu, na jibu lingeleta kelele, na kelele ingechukua saa. Nilihesabu hiyo saa nikaona sitaiweza."

Tukatembea mpaka kambi ya chifu.

Kesi ilisikilizwa nje, kwenye viti vya chifu. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyejua Kiswahili na Kiingereza tu. Alipotafutwa wa kutafsiri, pande zote mbili zilimkataa kila aliyetajwa, mpaka likabaki jina moja. Ndivyo Mkalimani alivyosimama tena mbele yetu, akitafsiri kesi ambayo yeye ndiye alikuwa kiini chake. Mwenyekiti alisema yote tuliyotarajia. Mkalimani aliyapitisha kwa Kikuyu na kwa Kinandi, sawasawa, hata pale alipotajwa yeye.

Afisa akamgeukia. "Sasa nakuuliza wewe mwenyewe, Mzee. Ramani ilionyeshwa?"

"Haikuonyeshwa."

"Ulikuwa na kawaida ya kuuliza?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku hiyo kwa nini hukuuliza?"

Akatutazama. Fundi wa baiskeli alikuwepo, kichwa cheupe. Bibi wa jirani alikuwa ameketi chini, mbele, miguu imenyooka. Mkalimani akasogea hatua moja mbele.

"Nilikuwa nimebanwa na mkojo," akasema. "Nina ugonjwa wa kibofu tangu zamani. Ndiyo sababu nilikuwa nikitoka. Haikuwa kwa sababu ya uongo wa mtu. Na siku hiyo nilijizuia nisitoke, nikafupisha. Sikuuliza kwa sababu nilitaka iishe."

Alisema kwa Kiswahili. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akasema yote tena kwa Kikuyu, na yote tena kwa Kinandi. Hakupunguza kitu. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mwenyekiti alikuwa akitazama viatu vyake.

Bibi alisema neno refu kwa Kinandi, bila kuinuka, bila kupaza sauti.

"Anasemaje?" afisa akauliza.

Nilimtazama Mkalimani. Nilikuwa nimemwelewa bibi, na wengi upande ule walikuwa wamemwelewa, lakini afisa hakumwelewa, wala hakuna ambaye angemlaumu mzee kama angelipunguza.

"Anasema," Mkalimani akasema, na ile sauti nzito haikupanda, "miaka yote hii yeye amebeba maji mgongoni kwa sababu ya mkojo wa mtu mmoja. Anasema ningemwambia tu, angenishikia koti nikaenda."

Afisa akaandika. Mkalimani alingoja mpaka kalamu iliposimama, ndipo akavuta pumzi na kumgeukia shahidi aliyefuata.